Ubud imenitia aibu na mlango wangu wa aluminiamu

Perth huku Australia nimeshakaa miaka 11, na kwa watu wa Perth Bali, kile kisiwa cha Indonesia, ni kama Zanzibar kwa watu wa Dar, masaa matatu na nusu tu umefika, tikiti zikishuka bei unaingia kazini unakuta nusu ya watu wako likizo. Mimi kila mwaka nilikuwa nakataa. Picha nilizokuwa naziona ni za pwani, Kuta huko, pombe na vijana wa Kiaustralia wanatembea vifua wazi mpaka madukani, nikasema kama ni kuona walevi mbona nawaona bure hapahapa. Mpaka shoga yangu mmoja akanambia we usikae pwani, ukishuka kwenye ndege panda juu Ubud, mji wa ndani ya kisiwa, katazame mahekalu yao ya Kihindu na wachongaji halafu urudi tuongee.

Basi nimekaa siku 8, nimerudi, tuongee.

Nianze na ubaya msije mkasema nimelogwa. Foleni ya Ubud ni balaa. Kutoka uwanja wa ndege ni kama kilomita 35 na tulitumia karibu masaa mawili, barabara nyembamba, pikipiki zinapanda mpaka njia ya waenda kwa miguu. Mashamba ya mpunga yanageuzwa vila, dereva wetu kila tukipita mahali ananyoosha kidole, hapa palikuwa konde, na hapa palikuwa konde. Kwenye msitu wa kima pale Padangtegal kima mmoja kanipora miwani puani, akapanda nayo juu ya sanamu akawa anaitafuna miguu, mlinzi akamhonga matunda ndo akaiachia. Na chakula wanachojivunia wenyewe ni nguruwe wa kuchoma, kwa hiyo sisi wengine tunatafuta kibao cha halali, ingawa ukishakipata, mishikaki yao ya sosi ya karanga na mboga zilizochanganywa na nazi ya kukuna, utasahau kama ulikuwa na njaa ya kutafuta.

Na kabla hamjaanza kunihukumu kwenye inbox, hekaluni nimeenda kutazama, sikwenda kuabudu.

Siku ya pili tukaenda Tirta Empul, ile ya chemchemi, watu wanaingia kwenye maji wanapita bomba moja moja wanainamisha kichwa. Maandishi yao ya kale yanasema imeanzishwa mwaka 962, yaani fikiria. Huingii bila kufunga nguo kiunoni, mwanamke na mwanamme, na mwanamke mwenye siku zake haingii, kibao kiko wazi kabisa mlangoni, nikasema haya, hili nalijua. Wageni wanagawiwa nguo za kuazima. Mimi nikatoa kanga yangu kwenye mkoba nikajifunga. Yule mzee wa mlangoni akaitazama, akaipapasa kitambaa kwa vidole viwili kama muuza duka wa Darajani, akanifunga mshipi wa njano juu yake na kunipigia dole gumba. Akauliza maandishi yale yanasema nini. Kanga yenyewe imeandikwa Usisafirie Nyota ya Mwenzio. Nikashindwa hata nianzie wapi kumtafsiria, mtu mwenyewe nimesafiri miaka 11.

Halafu lugha yao, Kiindonesia, ina mambo. Sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, meza ni meja, bendera ni bendera hivohivo, habari ni kabar. Nilikuwa nasoma vibao vya dukani nacheka peke yangu. Bahari hii ya Hindi ilikuwa na watu wengi wanaopita kabla ya ndege.

Ila kilichoniua ni harufu. Kila asubuhi mbele ya kila mlango, duka, hoteli, hata juu ya dashibodi ya gari, wanaweka kijisinia kidogo cha makuti machanga, kinaitwa canang sari, ndani yake maua ya rangirangi, majani yamechambuliwa membamba, punje za wali, na kijiti cha ubani kinafuka juu. Mwenye gesti yetu, mama wa makamo, alikuwa anavisuka barazani alfajiri, anakunja kuti anachomeka kijiti anakata kwa kisu, hatazami mikono yake, anaongea na mimi huku. Nikainama kunusa yale majani, nikauliza ni nini, ni mkadi! Mkadi jamani. Bibi yangu Mungu amrehemu alikuwa anakaa vilevile barazani Ng'ambo na ungo wa asumini na mrehani na mkadi anafunga vikuba vya harusi, na mimi pembeni nachezea uzi. Nilikaa chini pale nikalia kidogo, yule mama akadhani ubani umeniingia machoni.

Sasa njooni kwenye hoja yangu. Nilikwenda Ubud nikidhani nitakuta sanaa ya watalii, kama vinyago vya dukani, na ipo, imejaa sokoni pale mbele ya jumba la wafalme wao, mikoba ya ukili inafanana kila meza na ukigeuza mgongo bei inashuka nusu. Wapo pia watu wanaosema sanaa yote ya Ubud wametengenezewa na wazungu. Ni kweli mchoraji wa Kijerumani Walter Spies alifika Bali 1927 na mwenzake wa Kiholanzi Rudolf Bonnet 1929, na 1936 wakaanzisha chama cha wasanii, Pita Maha, pamoja na Cokorda mmoja wa ukoo wa kifalme wa Ubud na fundi mmoja anaitwa Lempad. Wakaanza kuchora picha ndogo za kuuzika, na 1956 ikafunguliwa makumbusho ya Puri Lukisan, nimeingia, nzuri. Lakini huyo Lempad alikuwa anajenga na kuchonga kwa ajili ya jumba la mfalme kabla hao Wazungu wawili hawajatia mguu Bali. Watalii wamewaongezea soko. Kazi yenyewe walishakuwa nayo.

Na wanaendelea kuwa nayo kwa sababu vitu vyao havidumu! Hili lilinichukua siku tano kuling'amua. Mahekalu yao wamechonga kwenye jiwe laini la volkano, unalikwaruza na ukucha linatoa unga, mvua na ukungu vinalila, baada ya kizazi kimoja sura ya sanamu imefutika na inabidi iitwe mtu aichonge upya. Kwa hiyo kijiji cha Batubulan wachonga mawe hawakosi kazi. Canang ya jana inafagiliwa leo, kesho inasukwa nyingine. Mtu akifa wanatengeneza mnara wa mianzi na karatasi na vitambaa, na jeneza la umbo la fahali, urembo wa kushinda arusi, mafundi wanahangaika nao siku na siku, halafu wanaupeleka wote kwenye moto. Mtu wa makumbusho angezimia. Wao wanachoma, na mwingine akifa wanaanza tena, na yule kijana aliyeshika mianzi mara ya kwanza mara ya pili anashika patasi.

Jioni moja nilipita kwenye banda la kijiji, banjar wanaita, nikakuta watoto wa kike wanafundishwa ngoma. Mwalimu hasemi sana. Anasimama nyuma ya mtoto, anamshika viganja, anamkunja kiwiko, anamsukuma goti kwa goti lake, kama anamvisha ngoma mwilini. Hakukuwa na mtalii isipokuwa mimi na hakuna aliyenitazama.

Hiyo banjar, maana jina ni la banda na la jumuiya yenyewe ya majirani, ndo mzizi wenyewe. Dereva wetu siku ya tano akanambia kesho na keshokutwa hayupo, jirani kafariki, anaenda kujenga mnara. Nikamuuliza na wateja? Akasema wateja watasubiri, nisipokwenda na mimi nikifiwa haji mtu. Na kuna faini, na ukizidi kukosa unatengwa kabisa na kijiji. Ni mzigo, asikudanganye mtu. Yule mama wa gesti alinambia pesa na siku zinazokwenda kwenye sherehe kuna wakati anatamani hata apumzike mwaka mmoja. Siku yao ya kimya, Nyepi, hata uwanja wa ndege unafungwa, kisiwa kizima taa zimezimwa, na mgeni ubaki hotelini kwako utake usitake.

Mimi mwaka juzi mama yangu mdogo kafariki, aliyeninyonyesha ziwa moja na mwanawe. Kazini, nahudumia wazee, wakanambia ruhusa ya msiba ni ya familia ya karibu, mzazi, mtoto, ndugu, babu, bibi, na mama mdogo hayumo kwenye orodha. Nikamwelezea meneja kwamba kwetu mama mdogo ni mama, akanipa pole nzuri sana ya kistaarabu na rosta haikubadilika. Usiku ule nimemgeuza kitandani mzee wa watu nimembadilisha nguo, mama yangu anazikwa Mwanakwerekwe naangalia kwenye simu. Na jirani yangu wa Perth, tumeishi ukuta kwa ukuta miaka sita, nilijua kafa nilipoona kibao cha nyumba inauzwa.

Sisemi Perth mbaya, mshahara ndo umenijengea nyumba nyumbani. Na hapo ndo penye aibu yangu sasa. Nyumba nimeijenga kwa simu, kaka yangu ndo msimamizi, na ilipofika kwenye mlango alinipigia, akasema kuna fundi anachonga, mlango wa nakshi na mfaa wake na miimo yake, unauchukua? Nikauliza bei, nikauliza siku ngapi, nikasema hapana, weka aluminiamu na kioo cha giza, wa kisasa. Mimi mtoto wa Unguja! Mji Mkongwe umeingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, milango yake inapigwa picha na kila anayeshuka kwenye boti, na sisi wenye mji tunaweka aluminiamu, fundi anabaki kuchonga visanduku vya watalii na milango ya hoteli. Halafu tukija likizo tunasimama mbele ya mlango wa hoteli tunapiga selfi.

Najua mtanambia kule Makunduchi, Unguja, bado wanakoga mwaka, ile sherehe yao ya mwaka mpya, kila Julai na hawamngoji mtalii. Kweli, na ndo ninachosema, kule kunadumu kwa sababu wenyewe wanakuhitaji. Mlango nani anauhitaji?

Kule Mas, kijiji cha wachonga mbao, nilikaa nusu saa namtazama babu mmoja kakaa chini, kipande cha mbao kakibana kwa nyayo, mikono yote miwili iko huru kwa patasi na nyundo. Nikampiga video nikamrushia kaka, nikaandika, yule fundi wa mlango bado yupo?

Akanijibu kwa voisi, anacheka kwanza sekunde kumi nzima. Fundi yupo, anasema, ila bei imepanda, na huo wa aluminiamu uliokwishalipa tuupeleke wapi, bafuni?