Mwenye Kiwanda Kidogo na Mshauri wa Nishati: Nani Ana Hoja?

Mwaka 1976 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kukagua bila malipo matumizi ya nishati katika viwanda vidogo na vya kati. Walimu na wanafunzi wa uhandisi kutoka vyuo vikuu waliingia kiwandani, wakapima, kisha wakamwachia mwenye kiwanda orodha ya mambo ya kurekebisha, kila jambo na gharama yake na akiba yake. Watafiti waliopitia rekodi za mpango huo waliandika mwaka 2004 kwamba karibu nusu tu ya mapendekezo ndiyo yaliyotekelezwa. Ushauri ulikuwa wa bure, hesabu iko mezani, na bado nusu iliachwa. Wengi walikubali kile tu ambacho kingerudisha fedha yao ndani ya mwaka mmoja au miwili, na gharama ya kuanzia iliwatisha kuliko akiba ya baadaye ilivyowavutia.

Mshauri wa nishati akisoma hayo hushika kichwa. Mradi unaorudisha gharama kwa miaka miwili unazaa asilimia 50 kwa mwaka, na benki gani italipa hivyo? Kwake yeye, anayekataa amelala.

Mimi sidhani amelala. Katika kazi nyingi nyepesi, kama kushona, kufungasha au kuunganisha vipuri, nishati ni sehemu ndogo ya gharama. Malighafi na mishahara ndivyo vinavyomkosesha mwenye kiwanda usingizi. Kusimamisha mashine siku mbili ili kufunga kifaa kipya kunaweza kumeza akiba yote ya mwaka. Mara nyingi jengo ni la kupanga, kwa hiyo akigharimia paa la kukinga joto, mkataba ukiisha anamwachia mwenye nyumba. Na ile asilimia 50 ni makadirio, ilhali mkopo hulipwa kwa fedha taslimu kila mwezi, oda ziwepo zisiwepo. Kiwanda kikubwa kina mhandisi wa kufuatilia mambo haya. Hapa fundi ni mmoja, na huyohuyo ndiye anayeitwa gari la mizigo likigoma kuwaka.

Utetezi huo una nguvu pale panapohitajika mtaji. Ukifika kwenye kompresa, mashine inayobana hewa ya kuendeshea zana, unaishiwa pumzi.

Upepo wa kompresa ni miongoni mwa nishati za gharama kubwa kuliko zote kiwandani, na unatumiwa kana kwamba ni wa bure. Katika umeme unaoingia kwenye kompresa, kazi inayofika kwenye zana ni karibu asilimia 10 hadi 15. Sehemu kubwa ya uliobaki hugeuka joto. Juu ya hapo, mifumo isiyotunzwa hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya upepo kupitia viungo vilivyolegea na mipira iliyopasuka. Kuupima uvujaji hakuhitaji mshauri. Kazi ikiisha, zima zana zote, acha kompresa iwake, kisha shika saa: ikisukuma kwa dakika 2 na kupumzika kwa dakika 6, robo ya uwezo wake inavuja. Maji ya sabuni yataonyesha wapi. Halafu kuna presha. Fundi huipandisha kidogo kila zana inapolegea, na hakuna anayekumbuka kuirudisha. Kwa mfumo wa karibu baa 7 (baa ni kipimo cha presha), kila baa moja inayopunguzwa huokoa takriban asilimia 7 ya umeme wa kompresa. Hapo hakuna mkopo wala kusimamisha uzalishaji, na sioni mwenye kiwanda atajitetea vipi.

Kwenye mota mizani inayumba zaidi. Chukua mota ya kilowati 15 inayofanya kazi kwa mzigo kamili. Ya zamani ina ufanisi wa karibu asilimia 89, mpya ya IE3, mojawapo ya madaraja ya kimataifa ya ufanisi wa mota, karibu 92. Ikizunguka saa 6,000 kwa mwaka, tofauti ni kama kilowati-saa 3,300. Ikizunguka saa 800, haifiki 450. Mota ni ileile na mshauri ni yuleyule, lakini ushauri unaofaa kwa ya kwanza ni upotevu wa fedha kwa ya pili. Ndiyo maana naziogopa ripoti zinazosema "badilisha mota zote" bila safu ya saa za kazi.

Vidhibiti kasi, yaani vifaa vya kupunguza au kuongeza kasi ya mota, navyo vinasifiwa kupita kiasi mahali pasipostahili. Kwenye feni na pampu nyingi, nguvu inayohitajika hufuata kipeo cha tatu cha kasi: ukishusha kasi hadi asilimia 80, nguvu hushuka hadi karibu nusu. Ni akiba kubwa mno, mradi kazi yenyewe inaruhusu mtiririko mdogo. Mkanda wa kubeba mizigo haufuati kanuni hiyo, na feni inayohitajika kwa kasi kamili muda wote haitaokoa chochote. Kidhibiti chenyewe kitakula umeme kidogo.

Wapo pia wanaouliza kama jitihada hizi zina maana, kwani mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alishaonya mwaka 1865 kwamba kutumia makaa ya mawe kwa ufanisi zaidi huongeza matumizi yake badala ya kuyapunguza. Kwa taifa zima, mjadala huo ni mzito. Kwa kiwanda kimoja, bili iliyopanda kwa sababu oda zimeongezeka si habari mbaya. Cha kuangaliwa ni kilowati-saa kwa kila bidhaa, tena kwa tahadhari, maana taa na kompresa hula umeme uleule hata mwezi wa kazi chache, na kipimo hicho huonekana kibaya bila kosa la mtu.

Kinachoukwamisha mjadala huu, kwa maoni yangu, ni muda wenyewe wa kuamua. Mshauri anataka mota ibadilishwe ingali nzima. Mwenye kiwanda haoni sababu, na mara nyingi yuko sahihi. Halafu mota inaungua katikati ya oda. Fundi anaipeleka kusukwa upya, yaani kubadilishiwa nyaya za ndani zilizoungua, kwa sababu ndiyo njia ya haraka, na ikisukwa vibaya inarudi na ufanisi uliopungua kwa asilimia moja au mbili, kisha inazunguka miaka mingine kumi. Siku hiyo ndiyo mota mpya ingegharimu tofauti tu kati ya bei yake na ya kuisuka, lakini hakuna mwenye nafasi ya kupiga hesabu. Karatasi moja ukutani ingetosha: kila mota, ukubwa wake, saa zake kwa mwaka, na neno "isukwe" au "inunuliwe" lililoandikwa mapema. Zile za saa nyingi ziwe na ya akiba stoo, au angalau muuzaji aliyeahidi kuileta haraka. Za saa chache zisukwe tu, na mshauri akinung'unika aonyeshwe safu ya saa.