Siku Niliyomhoji Ndafu

Mchekeshaji wa Arusha hana jukwaa, ana kamati. Wenzetu wa Dar wana usiku wa Cheka Tu: watu wanakata tiketi, wanapendeza, wanakaa wakiwa wameshaamua kucheka, kazi yako ni kutowaharibia. Huku unapigiwa simu na katibu wa kamati ya sendofu baada ya ukumbi kulipiwa, mpambaji kulipwa, emsii kulipwa, tarumbeta kulipwa na yule kijana wa droni kupewa advansi. Kuna kachenji kamebaki kwenye fungu la burudani. Hako kachenji ndiyo wewe.

Halafu kwenye sendofu hakuna aliyekuja kucheka. Watu wamechanga. Mtu katoa laki ya kadi ya dabo, amekuja na mkewe kuitafuta laki yake kwenye sahani. Ratiba inakuweka kati ya utambulisho wa ndugu na chakula, saa tatu na nusu usiku, harufu ya pilau imeshaingia ukumbini na imekaa viti vya mbele. Kila sentensi unayotoa inamchelewesha mtu kula. Marehemu Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga, mpaka anatutoka mwaka 2018 alikuwa akijitokeza tu, neno hajasema, watu wameshashika mbavu. Mimi nikisimama mbele ya watu bila kusema neno, wanadhani ni fundi wa spika.

Nilianzia Ngarenaro, enzi zile kina Joti, Masanja na Mpoki wakirushwa EATV. Mtaa mzima tulijazana kwa jirani mwenye runinga, na kesho yake shuleni mimi ndiye niliyerudia kila kitu kwa waliokosa. Nililipwa kwa mihogo ya kukaanga. Mzee wangu, Mrangi wa Kondoa aliyekuja Arusha kutafuta maisha, alikuwa na swali moja tu: "Kuchekwa nako ni kazi?" Jibu sijapata mpaka leo. Nauli huwa napata.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa Moshi mjini. Bibi harusi Mchaga wa Kibosho, bwana harusi Mpare wa Same. Katibu aliponiambia hivyo nikaona Mungu kanikumbuka. Wachaga na Wapare ni watani toka enzi za mababu, wanachokozana mpaka misibani, yaani mtu unakuta mezani kila kitu kimeshapikwa, wewe ni kupakua. Kwenye Coaster nikatoa karatasi nikaanza kupanga: Mchaga na hela, Mchaga na safari ya Desemba, Mpare anayeuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Tulipofika Usa River abiria wa pembeni yangu akaangua kicheko. Nikajua leo nawamaliza. Boma Ng'ombe ndipo nilipogundua kwamba alikuwa anaangalia simu yake.

Ukumbini nikakuta maiki isiyo na waya imekufa betri. Dijei akanipa ya waya, waya mrefu kweli, akaniambia, "We tembea tu, kaka, unafika mpaka jikoni." Nakuomba ukumbuke huo waya.

Emsii akanikaribisha kwa maneno yanayoua mchekeshaji kuliko sumu: "Sasa jamani, kabla ya chakula..." Sikusikia alichomalizia, ukumbi mzima uliguna.

Nikaanza na Desemba. Kimya. Nikaja na Mchaga na hela. Mzee mmoja meza ya mbele akatikisa kichwa, taratibu, akinisikitikia. Nikahamia kwa Wapare, na hapo ndipo nilipokutana na jambo jipya katika kazi hii: meza ya Wapare walikuwa wananimalizia sentensi. Nikisema, "Kuna Mpare mmoja aliibiwa kuku...", wanaitikia kwa pamoja, "Akauza ng'ombe!" Bila kucheka. Wanaitikia tu, kanisani kabisa. Hizo habari wamesimuliwa na bibi zao, wakazichoka, wakawasimulia wajukuu, nao wakazichoka. Mimi nimetoka nazo Arusha kwa Coaster.

Jasho likaanza kunitoka mgongoni. Ukifa jukwaani unakufa ukiwa umesimama, na unatakiwa uendelee kutabasamu.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo tarumbeta zikalia na mlango wa jikoni ukafunguka. Wapishi wamemleta ndafu kabla ya wakati wake. Nadhani waliona ninavyoteseka wakanihurumia, au waliona wageni wanavyoteseka.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kualikwa sherehe ya Wachaga: ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa, na kwenye shughuli yao ndiye anayeheshimika kuliko keki. Huyu alikuwa wa daraja la juu. Amesimamishwa kwa miguu yake minne kwenye sinia, mafuta bado yanachuruzika ubavuni, ngozi ya mgongo imeiva rangi ya chai ya rangi. Kwato zimevishwa karatasi ya kung'aa. Shingoni kafungwa utepe wa zambarau, rangi ya sherehe. Mdomoni kashika fungu la giligilani, na kichwa kakielekeza pembeni kidogo, kwa dharau fulani hivi. Wapishi wakamcheza mpaka mbele, wakamweka juu ya meza ya kukunja iliyotandikwa kitambaa cheupe, hatua mbili kutoka niliposimama, wakaondoka.

Nikamtazama. Akanitazama. Nikasema kwenye maiki, "Angalau huyu ana sababu ya kutocheka."

Ukumbi ukalipuka!

Wewe hujui kicheko cha kwanza baada ya robo saa ya kimya kinavyomfanya mtu. Akili yote inatoka. Nikamsogelea. "Mzee shikamoo, umetokea wapi?" Nikampelekea maiki mdomoni, kwenye giligilani. Watu wanajipiga mapaja. "Anasema Kibosho, alidanganywa kwamba anapelekwa kusalimia shangazi." Wamama wanafuta machozi kwa vitenge. Nikamzunguka nikamwuliza upande wa pili kama amechangia. "Anasema ametoa kila alichonacho." Yule mzee wa kutikisa kichwa sasa anatikisika mwili mzima. Nikamzunguka tena. Nilimzunguka ndafu yule nikiongea, nikirudi, nikizunguka, na waya nao unanifuata nyuma.

Hapa naomba tuelewane kuhusu meza za kukunja. Kila jozi ya miguu ina kipete cha chuma ambacho unakishusha ili miguu isijikunje. Aliyetandika meza ile upande mmoja hakukishusha. Nimeshaulizwa sana, na msimamo wangu haujabadilika: waya ulikuwa umezunguka mguu wa meza, sawa, nami nilikuwa naelekea meza kuu kwa kasi kidogo, sawa, lakini kipete kingeshushwa tusingekuwa tunaongea haya.

Mguu ukajikunja. Sinia likainama. Ndafu akaondoka.

Hakuanguka, aliondoka. Alitua kwa tumbo kwenye marumaru na mafuta yake yale, akateleza na kichwa mbele, kama mtoto aliyekalia ganda la mgomba kwenye mteremko, akapita mbele ya meza kuu, akapita kwa mpiga picha ambaye kwa bahati mbaya anaijua kazi yake, akaingia upande wa wakwe na kusimama katikati ya viatu vya mjomba wa bwana harusi. Giligilani bado iko mdomoni.

Ukumbi kimya. Hata watoto. Maiki ilikuwa imenitoka mkononi ikabingirika mpaka chini ya kiti cha bibi yake bibi harusi, bado inafanya kazi, na spika zote zikatoa sauti yake kwa utulivu kabisa:

"Yesu na Maria. Ametangulia kwa wakwe kabla ya bibi harusi."

Nimefanya kazi hii kwa muda, nimeona watu wakicheka. Vile sijaona. Emsii alilala kwenye meza. Bibi harusi mwenyewe, aliyefunzwa ainamishe kichwa kwa adabu, alicheka mpaka wanja ukamfika shingoni. Panchi ya usiku ule, na pengine ya mkoa mzima, ilitolewa na bibi wa miaka themanini na kitu aliyekuwa hajui kama maiki iko chini ya kiti chake.

Mjomba Mpare akainuka, akamwekea mbuzi kiatu mgongoni, akasema, "Wapare tumepokea. Kilichokuja chenyewe hakirudi."

"Bado hajakatwa huyo!" upande wa Kibosho ukajibu. "Mtoto hajamlisha mkwe!"

"Basi tukutane mahakamani!"

Mara wajukuu wawili wa Kipare wakamshika miguu ya nyuma, vijana wa Kichaga wakashika pembe, na ukumbi ukagawanyika kwa furaha ambayo wala kamati haikuibajeti. Nikaona hapa ndipo pangu. Nikaokota maiki nikasema, "Jamani, mnajua Wapare nao..."

"Kijana," baba mkubwa wa bibi harusi akanikata, "wewe ni mtu wa wapi?"

"Kondoa, baba. Mrangi."

"Mrangi na Mchaga wana utani gani?"

Sikuwa na jibu. Utani una mipaka yake. Mpare alikuwa amemkanyaga ndafu kwa kiatu na watu wanampigia makofi, na mimi niliyemgusa kwa waya tu nikatolewa nje nikawekwa mbele ya wazee watatu, nyuma ya jiko, pembeni ya masufuria.

Walinisikiliza vizuri, sitawasingizia. Nikawaeleza habari ya kipete. Mmoja akaenda kukikagua kabisa, akarudi, akasema kipete kina kesi yake na mimi nina yangu. Hukumu: debe la mbege, pombe yao ya ndizi, litakatwa kwenye malipo yangu. Na kabla ya hapo, nilete isale, niombe msamaha. Isale ni mmea wanaoupanda mipakani mwa vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, na kwa Mchaga ukija na jani lake mkononi hata uliyemkosea vibaya anapaswa akusikilize. Hayo nilikuwa nayajua kwa kusikia. Jani lenyewe lilivyo, sikuwahi kulitazama.

Nikachukua bodaboda. Dereva akasema analifahamu vizuri, nikamwamini kwa sababu alisema haraka. Akanipeleka kwenye ua wa mtu mitaa ya Pasua, giza, mbwa anabweka ndani, nikang'oa jani refu la kijani, pana, lenye mshipa katikati, tukakimbia. Njiani nikamwuliza kwao ni wapi. Singida.

Nikaingia na heshima zote, nikalishika kwa mikono miwili, nikapiga goti moja. Baba mkubwa akalipokea, akalisogeza kwenye taa ya jikoni, akaligeuza.

"Hili ni la mhindi," akasema. "Unaniomba msamaha au unaniomba ugali?"

Wapishi walianguka. Nakuapia, usiku ule kila mtu Moshi alikuwa mchekeshaji isipokuwa aliyelipwa. Mama mmoja aliyekuwa anageuza machalari akanionea huruma, akamtuma mwanawe, akaletewa isale halisi. Kweli yanafanana na mahindi, mtu asikucheke. Nikaanza upya, goti lile lile, msamaha ukapita.

Ndani ndafu alikuwa amepanguswa, amerudishwa kwenye sinia na meza nyingine, kipete nimekikagua mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyekataa kula, na wale walioguna kuhusu sakafu ndio waliorudi mara ya pili. Mjomba Mpare alinifuata mlangoni na kipande cha paja kwenye karatasi. "Chukua, kijana. Hicho ni kielelezo, kesi ikiitwa uje nacho." Nilikula kielelezo kabla Coaster haijafika Boma Ng'ombe.

Jumatatu video ilikuwa kwenye simu za watu wote ninaowafahamu, na mtu alikuwa ameshaiwekea tarumbeta pale anapoteleza. Mzee wangu alitumiwa na watu wa msikitini, akaniita, akaiangalia mbele yangu mara tatu bila kusema kitu. Mwisho akauliza, "Huyu bibi yeye analipwa ngapi?"

Tangu hapo simu haipoi. Nimeandika vichekesho vipya, vizuri tu, habari za trafiki, habari za mwenye nyumba, hakuna anayevitaka. Wanataka yule wa ndafu. Juzi kanipigia mama mmoja wa Machame, anamwoza binti yake Desemba, tukakubaliana bei vizuri, tarehe vizuri, mpaka akafika kwenye lililomsumbua.

"Sasa, mwanangu, mbuzi unakuja naye au ni wa kwetu?"

"Mbuzi wa kwenu, mama," nikamwambia. "Meza ndiyo nakuja nayo."