Kumbana mgonjwa au kumwacha apumue: mionzi ya saratani ya mapafu inapofika Moshi

Uvimbe ulio ndani ya pafu hautulii. Mgonjwa akivuta pumzi, kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka na uvimbe hushuka nacho. Akiitoa, unapanda tena. Hata alale kimya kama gogo, hilo hutokea mara 12 hadi 20 kwa dakika. Uvimbe wa sehemu ya juu ya pafu kwa kawaida husogea milimita chache tu. Ule wa chini, jirani na kiwambo, unaweza kwenda sentimita moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Mashine ikilenga pale uvimbe ulipokuwa sekunde mbili zilizopita, inachoma nyama isiyo na ugonjwa na kuuacha ugonjwa wenyewe.

Sasa jambo hili linatuhusu kwa karibu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kilimanjaro, Arusha au Manyara aliyehitaji mionzi alipanda basi hadi Dar es Salaam au Mwanza, akatafuta pa kulala kwa wiki kadhaa. KCMC, hospitali iliyofunguliwa hapa Moshi mwaka 1971, imejenga jengo lake la tiba ya mionzi, na mazungumzo mengi yamekuwa juu ya mashine. Mimi nataka kuzungumzia kitanda kilicho chini ya mashine hiyo, na mtu anayelala juu yake.

Baba yangu mdogo, mkulima wa Kibosho, alitibiwa mbali na nyumbani. Siku ya kupangiwa matibabu aliambiwa alale chali, ainue mikono juu ya kichwa na kushika vipini vya ubao. Sababu ipo: mikono ikilazwa kando ya mwili inaziba njia ya miale inayoingia kifuani kupitia ubavuni. Lakini bega lake la kulia lilikuwa bovu kwa miaka mingi. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema. Wazee wetu wako hivyo; daktari akiuliza, “Unaendeleaje, mzee?” jibu ni “Nashukuru, mwanangu,” hata kama amekesha kwa maumivu. Picha ya CT, eksirei inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, ikapigwa, alama za wino zikawekwa kwenye ngozi, mpango mzima ukajengwa juu ya mkao ule.

Baada ya kipindi cha tisa bega likagoma. Alikuwa anatetemeka, anasogea, picha za kuhakikisha mkao zinarudiwa. Niliomba tumwekee kanga iliyokunjwa chini ya kiwiko. Mtaalamu alikataa kwa upole, na alikuwa sahihi, kwa sababu mkono ukihama kifua nacho huhama, na mpango unakuwa wa mwili mwingine. Ikabidi apigwe picha upya na kupangwa upya. Siku nne za matibabu zilipotea, na katika saratani ya mapafu siku za namna hiyo zina gharama, maana seli zilizobaki hai hutumia nafasi hiyo kuzaliana.

Nalisimulia hili kwa sababu watu huweka faraja ya mgonjwa upande mmoja na usahihi upande mwingine, kama vitu viwili vinavyonyang’anyana. Hata hivyo wanaotaka pumzi idhibitiwe kwa nguvu wana hoja nzito ya hesabu, na haifai kuipuuza.

Chukua uvimbe wa mviringo wenye upana wa sentimita 3. Ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 14. Ukiuzungushia pambizo la usalama la nusu sentimita, eneo la kupigwa mionzi linafika karibu 34. Ukilazimika kuweka sentimita nzima kwa sababu uvimbe unahamahama, linapanda hadi 65, zaidi ya mara nne na nusu ya uvimbe wenyewe. Ziada yote hiyo ni mwili usio na ugonjwa. Matibabu ya kawaida ni grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 30, na wapangaji hujitahidi sehemu ya mapafu inayopata grei 20 au zaidi isizidi takriban asilimia 35. Ikizidi, hatari ya pafu kuvimba kwa mionzi wiki au miezi baadaye hupanda. Mgonjwa anaanza kukohoa na kukosa hewa wakati alidhani amepona.

Ndiyo maana kuna mkanda au ubao wa kubana tumbo ili kiwambo kisiteremke sana. Kuna kubana pumzi kwa sekunde 15 hadi 20 huku mashine ikipiga. Kuna pia mashine kuwaka pumzi inapofika hatua fulani tu, kisha ikajizima. Kwa matibabu ya vipindi vichache vyenye dozi kubwa, mathalani grei 54 kwa vipindi vitatu, sina ubishi: kosa la kipindi kimoja kati ya vitatu haliwezi kufidiwa na vingine. Wataalamu wa Stockholm, Sweden, walioasisi njia hiyo miaka ya 1990 walianza na fremu ya mwili yenye kibao cha kubana tumbo.

Upande wa pili unamtazama mgonjwa mwenyewe. Huyu ni mtu anayelala nyumbani kwa mito miwili kwa sababu akilala chali anakosa hewa. Ukimbana tumbo, unambana pale pumzi yake ilipokimbilia. Tafiti zimeonyesha kwamba kubana tumbo hupunguza mwendo kwa wengi wenye uvimbe wa chini, lakini kwa baadhi hakubadilishi kitu, na wapo ambao mwendo uliongezeka. Mashine inayowaka na kuzima hurefusha muda kitandani, na kadiri mtu anavyokaa pale ndivyo misuli inavyolegea, kikohozi kinavyokuja na pumzi inavyobadilika. Njia mbadala ni CT inayofuatilia mwendo, ikigawa pumzi moja katika hatua kama 10. Mtaalamu anachora eneo lote ambamo uvimbe unapita, na mgonjwa anapumua kama kawaida yake. Mwongozo wa wanafizikia wa tiba wa Marekani wa mwaka 2006 ulishauri mwendo ukizidi milimita 5 hatua zichukuliwe, iwapo mgonjwa anaweza kuzivumilia. Sehemu hiyo ya mwisho husahaulika.

Kwetu ugumu unaongezeka. Wapo wagonjwa wenye makovu ya kifua kikuu. Wapo waliovuta vumbi la mawe kwenye mashimo ya tanzanaiti ya Mirerani, vumbi ambalo lenyewe ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya mapafu. Mtu huyu hana pafu la akiba, kwa hiyo pambizo pana linamuumiza kuliko mwingine. Na mtu huyohuyo ndiye asiyeweza kubana pumzi kwa sekunde 15. Hapa kila upande una jibu nusu.

Msimamo wangu ni kupima mwendo kwanza, kisha kuamua. Uvimbe ukisogea milimita tatu, mwacheni mgonjwa apumue. Ukisogea sana na anaweza kujizuia, afundishwe. Mafunzo hayo hayahitaji kifaa cha mamilioni. Sauti zilizorekodiwa kwenye mashine mara nyingi ni za Kiingereza. Mama wa Simanjiro aambiwe “vuta, shikilia, achia” kwa Kiswahili au Kimaasai, afanye mazoezi nyumbani wiki nzima kabla. Asiyeweza apewe kipindi kifupi, picha ya kuhakiki kila siku, na pambizo ambalo daktari amelipima kwa uangalifu. Mwenye maumivu apewe morfini ya kunywa mapema, nusu saa au zaidi kabla ya kuingia; kwa dozi ndogo hupunguza pia hisia ya kukosa hewa.

Naelewa pingamizi kwamba faraja ikizidi inaharibu kazi. Godoro laini linazama, na leo mgonjwa hatalala kama jana. Lakini kuna godoro lililojaa chembe ndogo za plastiki, ambalo likinyonywa hewa hukakamaa kwa umbo la mgongo na mabega ya mgonjwa huyo mmoja. Linamshika na linambeba kwa wakati mmoja. Ila lazima litengenezwe siku ya kwanza, na ili litengenezwe vizuri lazima mtu aulize: bega lipi linauma, unalalaje nyumbani, unakohoa saa ngapi.

Mara ya pili baba mdogo aliulizwa. Bega lake likajengewa mahali pake kwenye godoro hilo, kiwiko kikashushwa kidogo, picha zikapigwa. Vipindi 21 vilivyobaki havikurudiwa picha hata kimoja kwa sababu ya kusogea. Awali alikuwa akitumia karibu nusu saa mle ndani. Sasa nilikuwa sijamaliza chai yangu pale nje, namwona anatoka huku anafunga vifungo vya shati mwenyewe.