Kutoka vifo 556 hadi 104: Tanzania imefika wapi, na tunajuaje?

Kila yanapozungumzwa mafanikio ya afya Tanzania, namba mbili hazikosekani: 556 na 104. Ya kwanza ni makadirio ya wanawake waliokuwa wakifa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16. Ya pili imetoka kwenye utafiti kama huo wa 2022. Ni anguko la zaidi ya asilimia 80 ndani ya miaka sita hivi. Februari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa tuzo na Taasisi ya Gates jijini Dar es Salaam, na kupungua kwa vifo vya mama na mtoto ndiko kulikotajwa kuwa sababu.

Wapo wanaoishangilia namba hiyo na wapo wasioisadiki hata kidogo. Msimamo wangu niuseme mapema. Naamini vifo vimepungua, tena sana. Lakini kwa kiasi gani, hatujui, na kutojua huko kunaendelea kugharimu maisha.

Tuanze na wanaoamini, maana hoja yao ina uzito. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kifafa cha mimba nacho hakisubiri. Kwa hiyo swali kubwa la kifo cha uzazi ni umbali: kati ya kitanda alichojifungulia na mahali penye damu, dawa na chumba cha upasuaji kuna kilomita ngapi na usafiri gani? Hapo mambo yamebadilika, na yanaonekana kwa macho. Mwaka 2010 nusu tu ya wanawake walijifungulia kwenye vituo vya huduma. Kufikia 2015-16 walikuwa asilimia 63, na mwaka 2022 wakafika asilimia 81. Mamia ya vituo vya afya vimejengewa vyumba vya upasuaji, kwa hiyo mama aliyekwama kwenye uchungu halazimiki tena kusafirishwa hadi hospitali ya mkoa. Upo pia mfumo wa m-mama, ambapo simu ikipigwa 115 na gari la wagonjwa likawa mbali, dereva wa kawaida aliyesajiliwa hutumwa kumchukua mama na kulipwa kwa safari hiyo.

Ushahidi mwingine unatoka kwa watoto. Mwaka 1999, watoto 147 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2004-05 ulikuta 112, wa 2010 ukakuta 81, wa 2015-16 ukakuta 67, na wa 2022 ukakuta 43. Mstari huu umeshuka bila kuyumba, na sababu zake zinajulikana: vyandarua vyenye dawa, dawa mseto ya malaria iliyochukua nafasi ya SP, dawa ya malaria iliyotumika kabla yake, mwaka 2006, chanjo ya nimonia na ya kuhara kunakotokana na virusi vya rota zilizoanza kutolewa mwanzoni mwa 2013, na dawa za kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya UKIMWI. Nchi iliyoweza haya kwa watoto, wanasema, kwa nini ishindwe kwa mama zao?

Sasa tuwasikilize wenye mashaka. Kwanza wanataka tuelewe namba hizi zinapatikanaje. Hakuna daftari la taifa lenye majina ya wanawake wote waliofariki kwa uzazi. Kinachofanyika ni mhojaji kuingia kwenye kaya na kumwomba mwanamke wa miaka 15 hadi 49 ataje ndugu zake wa tumbo moja, mmoja baada ya mwingine. Huyu yu hai? Huyu alifariki akiwa na umri gani? Akitajwa dada aliyefariki, maswali yanasogea: alikuwa mjamzito? Alifia kwenye uchungu? Au ilikuwa baada ya kujifungua, na siku ngapi zilikuwa zimepita? Mwaka 2022 walihojiwa wanawake 15,254. Ni wengi kwa utafiti wa kaya, ila kifo cha uzazi, namshukuru Mungu, si tukio la kila nyumba. Vifo vinavyonaswa kwa njia hii huwa vichache, na majibu ya familia chache yanatosha kuipandisha au kuishusha namba ya taifa. Tena kuna vifo ambavyo ndugu hawavijui au hawavisemi. Binti aliyekufa kwa kutoa mimba kwa siri, nyumbani kwao husemwa alifariki kwa tumbo.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonishika zaidi. Ukiupanga mfululizo wote, unapata 578 mwaka 2004-05, kisha 454 mwaka 2010, kisha 556 mwaka 2015-16, kisha 104. Yaani kati ya 2010 na 2015 vifo vilipanda, wakati huohuo wanawake wanaojifungulia vituoni wakiongezeka. Hilo ni gumu kuaminika. Inaelekea zaidi kwamba kipimo kina mtetereko mkubwa, na huenda 556 ilikuwa juu kuliko hali halisi. Anayekubali hivyo hana budi kukubali kwamba 104 nayo inaweza kuwa chini kuliko hali halisi. Haiwezekani kipimo kilekile kiwe kibovu kinapotusononesha na kizima kinapotufurahisha.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa hesabu zao, yalikadiria vifo 238 kwa Tanzania mwaka 2020. Watetezi wa 104 wanajibu kwamba hayo ni makadirio ya kompyuta, yanayoegemea takwimu za zamani na mwenendo wa nchi nyingine, na kwamba hayakumhoji hata mama mmoja. Ni kweli. Lakini tazama tofauti hiyo ina maana gani kwa watu. Tanzania huzaliwa zaidi ya watoto milioni 2 kwa mwaka. Kwa kiwango cha 104, wanawake wanaofariki ni kiasi cha 2,000 na ushei. Kwa kiwango cha 238, wanakaribia au kuvuka 5,000. Kuna wanawake kama 3,000 kila mwaka ambao hatuna uhakika kama wako hai au wamekufa. Binafsi nadhani ukweli uko mahali fulani katikati. Ila neno "nadhani" halifai kuwa msingi wa bajeti ya nchi.

Wakati tunabishana kuhusu mama, kuna namba nyingine ambayo haitajwi majukwaani. Watoto wachanga wanaokufa ndani ya siku 28 za kwanza walikuwa 32 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2004-05. Wakawa 26 mwaka 2010, 25 mwaka 2015-16, na 24 mwaka 2022. Miaka kumi na miwili, watoto wawili tu. Zamani, kati ya vifo vya watoto chini ya miaka mitano, vya siku hizo za kwanza havikufika theluthi. Leo ni zaidi ya nusu. Tumeishinda sehemu kubwa ya malaria na nimonia na kuhara, na mbele yetu amebaki mtoto njiti, mtoto aliyezaliwa asilie, na mtoto aliyepata maambukizi kitovuni au kwenye damu.

Inauma kwa sababu njia ya kuwaokoa wengi wao inajulikana, na ilithibitishwa hapahapa. Kuanzia 2009, hospitali nane nchini ziliwafundisha wakunga kumsaidia kupumua mtoto anayezaliwa bila kulia: kumkausha kwa nguvu, kumsugua mgongo, na akikaa kimya, kumwekea kinyago usoni na kuminya mfuko wa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Baadaye hospitali 30 katika mikoa mitano zikafanya mazoezi ya aina hiyo kwa kurudiarudia, pamoja na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto, na matokeo yaliyochapishwa 2025 yakaonyesha vifo vya siku ya kwanza kushuka kwa takriban asilimia 40.

Basi kwa nini namba ya taifa haisogei? Zipo tafsiri mbili. Ya kwanza inasema maarifa hayadumu: mkunga aliyefundishwa anahamishwa wadi, mfuko wa hewa unachanika na haununuliwi mwingine, na usiku mhudumu mmoja anabaki na akina mama kadhaa walio kwenye uchungu kwa pamoja. Zaidi ya hayo, kuongeza vitanda vya kujifungulia bila kuongeza mikono ni kuhamishia kifo kituoni. Tafsiri ya pili ina matumaini zaidi. Inasema zamani vifo vingi vya vichanga havikuhesabiwa kabisa. Mtoto aliyepumua kidogo akanyamaza alisemwa amezaliwa mfu, akazikwa kimya, na mama akaambiwa asimlilie sana. Leo kifo hicho hutokea wodini na huandikwa. Kwa hiyo inawezekana maendeleo yapo, ila yamefunikwa na uhesabuji bora. Utafiti wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, uliopekua vitabu vya hospitali 39 kwa miaka ya 2006 hadi 2015 ulikuta vifo vilivyoandikwa vya malaria, UKIMWI na kifua kikuu vikishuka, huku vya watoto wachanga vikipanda zaidi ya maradufu. Sehemu ya upandaji huo bila shaka ni kwamba wanaojifungulia hospitali wameongezeka. Ni sehemu kiasi gani? Vitabu vya hospitali peke yake haviwezi kujibu, kwa kuwa anayefia nyumbani hayumo.

Na hapo ndipo watu wazima wanapopotea kabisa. Kushuka kwa vifo vya UKIMWI tunaweza kukufuatilia, kwa sababu upimaji na dawa zina kumbukumbu: maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 7 mwaka 2003-04 na yamefika asilimia 4.4 mwaka 2022-23, na dawa za kufubaza virusi zimetolewa bure tangu 2004. Presha na sukari ni habari nyingine. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na walio wengi hawakuwa wakijua. Wanakufa wangapi kwa ajili hiyo? Sikiliza wasifu wa marehemu unavyosomwa msibani: aliugua kwa muda mfupi, alianguka bafuni, alilalamika kichwa usiku na asubuhi hakuamka. Vijana wanachimba kaburi, mwili unastiriwa siku hiyohiyo au kesho yake, na kiharusi kilichomuua hakiandikwi popote. Hata hospitali nako, cheti cha kifo mara nyingi huandikwa kwamba moyo ulisimama. Moyo wa kila anayekufa husimama. Maelezo hayo hayamsaidii mpanga sera yeyote.

Wapo wanaosema, na ni watu wenye nia njema: acheni kuhesabu maiti, nunueni oksijeni. Kila shilingi inayokwenda kwenye fomu ni shilingi iliyoondolewa kwa mgonjwa. Naielewa hoja hiyo, na ningeikubali kama yasingekuwepo yaliyotokea Rufiji. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilikuwa kwenye mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la Kanada la IDRC. Kila kifo katika maeneo yaliyochaguliwa kilifuatiliwa. Matanga yakishaisha, mhojaji alifika nyumbani na kuuliza dalili: homa ilianza lini, alikuwa akikohoa, alipooza upande? Majibu yalipojumlishwa, watendaji wa afya wa wilaya waliona wenyewe kwamba malaria na magonjwa ya watoto yaliua kupita kiasi huku yakipata fungu dogo mno la bajeti yao. Wakapanga upya. Nyongeza waliyotumia haikufika hata dola 1 kwa mtu kwa mwaka, na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka iliyofuata. Haki itendeke hapa pia: vifo vya watoto vilikuwa vikipungua nchi nzima kipindi hicho, kwa hiyo sifa yote si ya mradi. Lakini fedha zilihamia penye vifo kwa sababu mtu alikwenda kuuliza, na hilo halina ubishi.

Kuna jambo jipya linalofanya suala hili lisisubiri. Tafiti zote za kaya nilizozitaja, kuanzia 147 ya watoto mpaka 104 ya akina mama, zilitegemea kwa kiasi kikubwa programu iliyofadhiliwa na Marekani. Mapema 2025 ufadhili huo ulikatwa. Hata wanaobishana kuhusu 104 wanaweza kujikuta hawana namba nyingine ya kubishania.

Sheria tayari inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Tatizo ni kwamba familia ya kijijini haioni sababu ya kupoteza siku na nauli kwenda wilayani, isipokuwa kuna mirathi au mafao ya kufuatilia. Usajili wa vizazi ulikuwa na tatizo hilohilo mpaka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ilipoushusha hadi kwenye kata na kliniki, kuanzia Mbeya mwaka 2013, cheti kikatolewa bure papo hapo na taarifa zikatumwa kwa simu. Watendaji haohao wanaweza kusajili vifo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akafika kuuliza dalili baada ya matanga. Hospitali nazo, ambazo tayari zinatakiwa kukaa kikao kwa kila kifo cha mama, zifanye hivyo kwa bidii ileile kwa kichanga, na cheti kinachosema moyo ulisimama kirudishwe kwa daktari aliyekiandika. Ianze kwa mikoa michache kama ilivyoanza ile ya vizazi, ili sensa ya 2032 ikute nchi inayoweza kusema watu wake wanakufa kwa nini bila kusubiri mfadhili aje kuuliza.