Klabu za siasa Mlimani: kipimwe kitendo, si itikadi

Je, chuo kizizuie klabu za siasa za wanafunzi kwa sababu ya itikadi zao? Novemba 1970 serikali iliifungia USARF, chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kilichozaliwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1967, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wake, pamoja na jarida lake, Cheche. Sababu iliyotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwepo chuoni, basi kingine cha nini? Kosa lililotajwa halikuwa vurugu. Na marufuku haikuzima chochote: mwaka uliofuata jarida la MajiMaji lilitoka chini ya vijana hao wa TANU, mjadala ukaendelea.

Wanaotaka udhibiti nao wana ushahidi mzito. Mlimani palikuwa na Mzee Punch, kundi lisilojulikana lililobandika ukutani karatasi za kudhalilisha wanafunzi, hasa wa kike. Mwaka 1990 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeandamwa na kundi hilo alijiua. Anayedai kila neno liachwe huru chuoni sharti alijibu hilo kwanza.

Jibu letu ni kwamba Punch alimlenga mtu, tena akijificha. USARF ilibishana na sera, kwa majina ya viongozi wake. Katiba ya 1977 inalinda maoni katika ibara ya 18 na kujumuika katika ibara ya 20, huku ibara ya 30 ikiruhusu mipaka kulinda haki za wengine. Haki za mwanafunzi anayeandamwa zimo humo. Starehe ya mkubwa asiyependa kukosolewa haimo.

Utaratibu ndio unaoamua haya. Klabu ilete katiba yake, majina ya viongozi na mlezi. Hapo kwa mlezi ndipo panapokwama: mhadhiri anayehofia ajira yake hatasaini kwa ajili ya klabu yenye utata, na klabu inakufa bila mtu kuikataza. Akikosekana, chuo chenyewe kimteue. Ombi la ukumbi lijibiwe kwa maandishi, ndani ya siku zilizotangazwa, na sababu itaje kanuni. Anayekataliwa kwa mdomo hana cha kukatia rufaa. Hofu ya fujo itibiwe kwa walinzi zaidi au kubadili saa, maana mkutano ukifutwa kwa sababu wapinzani wake wametishia, kesho watatishia tena.

Na kama klabu ya chama tawala inapata ukumbi wa Nkrumah kwa barua moja, ya upinzani isidaiwe ya pili.