Sauti Haikummaliza Buster Keaton

Kila anapotajwa Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za filamu bubu, husemwa kwamba filamu za sauti zilipoingia ndipo naye akaisha. Sikubaliani. Mtu aliyekulia jukwaani, baba yake akimrusha huku na huko mbele ya watazamaji tangu akiwa mtoto mdogo, angeogopaje kufungua mdomo? Kilichommaliza ni mkataba aliotia saini mwaka 1928 na studio ya MGM.

Kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi atakavyo. Hakuwa na muswada. Akishajua hadithi inaanzaje na inaishaje, katikati waliitafuta papo hapo, yeye na wenzake, na wazo likigoma waliacha kamera wakacheza besiboli mpaka lije. Ndivyo zilivyozaliwa filamu zake Sherlock Jr. na The General. Tazama pia Steamboat Bill, Jr.: ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, naye amesimama wima palepale ambapo tundu la dirisha litapita. Ukuta ule ulikuwa wa kweli, mzito wa kuua. Angesimama pembeni kidogo tu, tungekuwa tunamzungumzia marehemu wa miaka thelathini na kidogo. Mimi huirudia sehemu hiyo mara kwa mara, na kila mara pumzi hunikatika.

Wachekeshaji wenzake Charlie Chaplin na Harold Lloyd walimwonya asiende MGM. Alikwenda. Huko alikuta kila jambo lazima liandikwe kwanza, lipitishwe na wakubwa, na vituko vya hatari wafanye watu wengine. Filamu ya The Cameraman ilitoka nzuri bado, lakini baada ya hapo walimpa maneno ya kusema badala ya mambo ya kutenda. Na filamu zake za sauti ziliingiza fedha! Watu walikwenda kumsikiliza. Aliyekuwa anakufa ni yeye mwenyewe: pombe ikamzidi, ndoa ikavunjika mwaka 1932, na mwaka 1933 akafukuzwa.

Linaloniuma zaidi lilikuja baadaye. Studio ileile iliyokuwa ikimlipa dola 3,000 kwa wiki ilimrudisha kwa dola 100, akae nyuma ya kamera awatungie wachekeshaji wengine vituko, miongoni mwao Marx Brothers na Red Skelton. Walijua vizuri kabisa kichwani mwake mna nini.