Kabureta Imewakosea Nini?

Kuna fundi mmoja huku kwetu, mashariki ya Unguja, dawa yake ni moja tu: kabureta, kile kidude cha injini kinachochanganya petroli na hewa. Mashine ikizima, kabureta. Ikikosa nguvu, kabureta. Nadhani hata ukimpelekea mgonjwa wa malaria atataka kwanza kuifungua kabureta yake.

Juzi tumetoka na wageni kwa zile pikipiki za magurudumu manne, njia ya Jambiani kwenda Makunduchi, mawe na vumbi mtindo mmoja. Moja ikawa inakwenda vizuri, mara inalegea, inakohoa, inazima. Ukiiacha kidogo inawaka bila tabu. Mbele kidogo, yale yale. Nampigia simu huyo bwana. "Kabureta hiyo, mwambie bosi atoe pesa ya mpya."

Swali hata moja hajauliza! Inazima ikiwa baridi au ikishapata moto? Ukikamata mafuta au ukiachia? Inakata ghafla au inalegea kwanza? Kuuliza hakulipiwi kodi, na hapo ndipo nusu ya kazi ilipo. Injini ikikata ghafla, pap, anza kuutazama umeme: waya uliolegea, plagi inayotoa cheche, au ile swichi ya kamba ya kuzimia, ambayo huku pwani chumvi inaila mpaka ndani. Ikilegea kwanza ndipo izime, mara nyingi inakosa mafuta.

Yetu ilikuwa inakosa mafuta huku tenki limejaa. Nikalegeza kifuniko cha tenki, nikasikia hewa inavutwa ndani: ssss. Kesi imekwisha. Kifuniko kile kina kitundu cha kupitisha hewa, kwa sababu petroli ikishuka, hewa lazima iingie ichukue nafasi yake. Kitundu kikiziba kwa vumbi, petroli inagoma kushuka, bakuli la kabureta, panapokaa petroli kidogo ya akiba, linakauka, injini inazima. Ukisimama, hewa inapenya polepole, unawasha, unajiambia imepona. Tumezibua kwa waya mwembamba, tukapuliza, tukaendelea na safari. Kabureta ni ile ile, bosi hajatoa hata senti.

Haya, nisiwe mkorofi, kabureta nayo ina siku zake. Petroli ya kwenye chupa za maji kando ya barabara, Mungu ndiye ajuaye imepita wapi. Lakini hata hapo, kabla hujaenda dukani, fungua ile skrubu ya chini ya bakuli, kinga kwenye glasi, acha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo utayaona yamekaa chini kama shanga. Yamwage, safisha jeti, kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli, rudishia.

Kuna na zile zinazozima zikishapata moto na kukataa kuwaka mpaka zipoe. Hapo inaweza kuwa koili, ile inayoipa plagi umeme, inaweza kuwa vali zilizobana, vile vilango vya injini vya kuingizia na kutolea hewa: chuma kikipata moto kinatanuka, vali haifungi sawasawa, mgandamizo unapotea. Usibahatishe. Palepale ingali moto, chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na petroli, piga stata. Cheche ikiwa na nguvu, iache koili, kapime nafasi za vali. Sigara weka kando, tafadhali.

Lakini hasira zangu si za fundi peke yake. Wenye mashine ndio waliomzoesha. Wao wanalipa kitu kinachoshikika: spea mpya, boksi lake, risiti. Fundi aliyetumia akili hana boksi la kuonyesha. Pale kijijini yupo kijana mmoja, mtaratibu, huanza kwa kuuliza. Aliletewa mashine inayozima kila ikipita kwenye shimo. Akakaa chini kwenye vumbi, akaiwasha, akawa anatikisa waya mmoja baada ya mwingine mpaka injini ikakata mkononi mwake: waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha mashine, nati yake imelegea, chini yake kutu ya kijani. Akakwangua, akakaza, ikapona.

Mwenye mashine akamtazama. "Ndiyo hivyo tu? Sasa hapo nikulipe nini?" Akampa elfu mbili, tena kwa kununa. Mtu huyo huyo alishanunua koili na kabureta kwa yule bwana wa simu, akalipa na ufundi juu, na mashine ikawa inazima vile vile. Elfu mbili! Hata chipsi mayai huku kwetu hupati.